Filamu Orijino ni Ipi Hasa?

Mji Mkongwe kuna baraza linaloitwa Jaws Corner. Jina lake limetokana na filamu ya Marekani ya mwaka 1975, ile ya papa anayekula watu ufukweni, na mpaka leo wazee kwa vijana hukaa pale na vikombe vya kahawa wakizungumza siasa, mpira na mambo ya mji. Jioni moja baada ya sala ya magharibi niliwakuta watu wanne pale wakibishana kwa zaidi ya nusu saa juu ya neno moja tu: orijino.

Filamu fupi ya vijana wa hapa hapa Unguja ilikuwa ikizunguka kwenye simu. Mzee mmoja akasema, "Hii si orijino. Nimeiona ya Kihindi, pale Majestic, nyinyi hamjazaliwa." Kijana aliyekaa karibu yake akapinga, "Orijino, ami. Wenyewe walioifanya ndio walionitumia, sikuichukua kwa wizi." Maalim wa skuli akaingia kati: "Itakuwaje orijino na haina asili yetu? Mtu gani wa Unguja anaishi vile?" Wa nne akataka kuwamaliza wote: "Msijisumbue. Hakuna filamu orijino duniani, hadithi zote zimeshasimuliwa."

Kila mmoja alikuwa na hoja, ila kila mmoja alikuwa anajibu swali lake mwenyewe. Na mkanganyiko huu hauishii barazani. Husikika kila Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, linapowakusanya watu Ngome Kongwe, husikika watu wanapozilaumu filamu za Bongo kwamba zimeigwa, na unawaumiza zaidi vijana wanaoanza, maana wanahukumiwa kwa neno ambalo hakuna aliyewafafanulia. Basi tulifungue fundo hili taratibu.

Kijana wa barazani alitumia neno kama lilivyoingia madukani enzi za kaseti. Ukienda kununua mkanda unauliza, "Hii orijino au kopi?" Kopi ilikuwa ile iliyodurufiwa mara nyingi mpaka nyuso zimefifia na sauti inakwaruza. Kwa maana hiyo, neno linahusu nakala uliyoishika mkononi na njia iliyokufikia. Filamu mbovu kupita kiasi inaweza kuwa orijino ikiwa umeinunua kwa mwenyewe, na filamu bora kabisa ukiipata kwa njia ya wizi si orijino. Maana hii ina uzito wake, kwa sababu ndiyo inayomlisha aliyetoka jasho, lakini haigusi swali la ubunifu hata kidogo.

Maalim yeye alizungumzia asili, yaani kitu kimetoka wapi na kina harufu ya nani. Hapa tuwe waangalifu, na mfano tunao mashambani kwetu. Karafuu si mti wa visiwa hivi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia, na ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Leo nenda Pemba msimu wa kuchuma, uone majamvi yamejaa karafuu mbele ya nyumba na harufu imetanda mpaka barabarani, halafu umwambie mwenye shamba kwamba karafuu si yake. Kitu kinaweza kuja kutoka mbali kikawa chetu kabisa kwa namna tulivyokipanda, tulivyokichuma na tulivyoishi nacho. Kwa hiyo asili inakwambia mbegu ilitoka wapi. Haikwambii nani ameifanya iwe hivi ilivyo.

Swali la mzee na la yule wa nne ndilo gumu, na ndilo nitakalolikalia: filamu inakuwa mpya kweli lini? Ni kitu gani ndani yake kinachotufanya tuseme hii ameibuni mtu, hakuidokoa mahali?

Tuanze na hadithi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Bibi anaposema "Paukwa!" na wajukuu wakaitika "Pakawa!", hakuna anayemshtaki kwamba hadithi ya Sungura na Fisi ameiiba kwa bibi mwingine. Hadithi ile ile inasimuliwa Makunduchi na inasimuliwa Micheweni, na kila bibi ana Sungura wake. Hata hadithi zinazosifiwa dunia nzima zina wazazi. Wapenzi wanaokatazwa na jamaa zao wamo katika Layla na Majnun, kisa cha Waarabu ambacho Nizami alikitungia utenzi mrefu kwa Kiajemi katika karne ya 12. Shakespeare naye alipoandika Romeo na Juliet alikuwa na shairi la Mwingereza mwenziwe, Arthur Brooke, lililotoka mwaka 1562. Kwa hiyo yule wa nne barazani anasema kweli kwamba misingi ya hadithi ni michache na imeshatumika. Kosa lake ni kudhani kwamba hadithi ndiyo filamu.

Hadithi ni kama orodha ya vitu unavyokwenda navyo sokoni Darajani. Urojo wote una viazi, bajia, kachori, embe mbichi na ndimu. Mbona basi watu wanavuka mtaa mzima kumfuata muuzaji mmoja? Filamu ni bakuli lililokwisha pikwa: kamera imewekwa wapi, nani ananyamaza na kwa muda gani, taa inatoka upande upi, tukio gani limeachwa nje, sauti gani inasikika nyuma ya mlango. Kuchukua viungo vile vile ukapika wewe ni jambo la kawaida. Kununua urojo wa mwenzako ukaumimina katika bakuli lako ukasema umeupika, hilo ndilo tatizo.

Sheria nayo inatenganisha mambo haya mawili. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Kanuni ya hakimiliki, hapa na duniani kwa jumla, ni kwamba wazo halina mwenyewe ila kazi ina mwenyewe. Ukisema utatengeneza filamu ya mvuvi aliyepotea katika mkondo wa Nungwi, wazo hilo ni la kila mtu. Ukishaandika mazungumzo yake, ukapanga matukio yake na ukayapiga picha, hapo haki inaanza. Sheria inapodai kazi iwe ya asili, inachotaka ni kwamba imetokana na wewe mwenyewe, hukunakili. Kizingiti hicho kiko chini sana. Video ya harusi uliyoipiga Jumapili kwa bidii yako inakivuka. Ndiyo maana filamu inaweza kuwa safi mbele ya sheria, haijaiba kitu, na bado ikawa haina jipya hata moja.

Na kinyume chake kinawezekana, jambo linalowashangaza watu wengi. Mwaka 1964 Mwitaliano Sergio Leone alitoa filamu ya mpiganaji asiye na jina anayeingia katika mji wenye makundi mawili ya wahalifu na kuyagonganisha. Kisa hicho kilikuwa cha filamu ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1961, na ruhusa haikuombwa. Wajapani walishtaki, na mambo yakaisha kwa wao kupewa asilimia 15 ya mapato ya filamu ile. Haki ilitendeka, na mimi nasimama upande wa walioshtaki. Lakini mtu akiitazama filamu ya Leone anaona kitu ambacho hakimo katika ile ya Kurosawa: macho yaliyojaza kioo kizima, ukimya mrefu kabla ya risasi, miluzi na gitaa la Ennio Morricone, vumbi la Hispania likijifanya mpaka wa Mexico. Alichukua kisa cha mtu bila haki, akakiona kwa jicho lake mwenyewe. Hayo ni maswali mawili tofauti. La kwanza linauliza, je, umechukua cha mtu? La pili linauliza, je, umeona kitu? Barazani tunayachanganya kila siku.

Wapo wanaoamini kwamba filamu iliyotokana na kitabu haiwezi kuwa orijino. Tunayo ya kwetu ya kuwajibu. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu kutokana na *Vuta N'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi inayotupeleka Unguja ya miaka ya 1950, kabla ya uhuru. Anayekijua kitabu anajua wingi wa watu na matukio yake. Vyote haviwezi kuingia ndani ya saa moja na nusu hivi, basi mwongozaji hana budi kuamua nini kiondoke, na kile ambacho Adam Shafi alikiandika kwa maneno, yeye akiseme kwa rangi, kwa kivuli cha uchochoro, kwa uso wa mwigizaji. Maamuzi hayo hayamo kitabuni. Hata mtu kurudia kazi yake mwenyewe si dhambi: *Mother India* ya mwaka 1957, filamu ambayo wapenzi wa sinema za Kihindi hawahitaji kuelezwa, ilitengenezwa na Mehboob Khan kwa kurudia filamu yake mwenyewe ya mwaka 1940.

Sasa tufike kwenye kiini. Baada ya kutazama na kufikiri kwa muda mrefu nimebaki na kipimo kimoja. Filamu huwa mpya kweli pale ambapo kila uamuzi ndani yake una sababu iliyotoka ndani ya filamu yenyewe. Muulize aliyeitengeneza, "Kwa nini umefanya hivi na si vile?" Mbunifu atakupa jibu linalowahusu watu wake, mahali pake, maumivu ya kisa chake. Mwigaji ana jibu moja tu: kwa sababu kule ilikuwa hivyo.

Kurosawa huyo huyo, mwaka 1957, alichukua *Macbeth* ya Shakespeare akaihamishia Japani ya zamani ya mabwana wa vita. Katika tamthilia, Macbeth anauawa na adui yake Macduff, upanga kwa upanga. Kurosawa aliuacha mwisho huo. Mtawala wake anauawa na askari wake mwenyewe, wanaommiminia mishale kutoka ndani ya ngome yake mpaka ukuta umegeuka msitu wa miti myembamba. Ukiuliza kwa nini, jibu limo ndani: mtu aliyepanda kwa kumsaliti bwana wake atakufa kwa mikono ya watu wake. Kisa ni cha Mwingereza, mishale ni ya Kurosawa, na mishale ndiyo filamu.

Nilimuuliza swali kama hilo mtoto wa jirani yangu. Ndiye aliyeongoza ile filamu fupi iliyozua mabishano, na alinijia nyumbani akiwa amevunjika moyo kwa maneno ya watu. Tukaiangalia pamoja kwenye simu yake. Kuna mahali mwanamume anarudi baada ya miaka mingi kumtafuta mke aliyemwacha. Anafika, anausukuma mlango, anaingia mpaka katikati ya ukumbi, mwanamke anageuka, muziki unapanda. Nikamwambia asimamishe.

"Mbona hakupiga hodi?"

Akanyamaza. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Kule hakupiga."

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Alikuwa ameipenda filamu ya watu mpaka akasahau mlango wa kwao. Lakini fikiri alichokipoteza. Kwetu mwanamume haingii tu. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja. Kama ndani yuko mwanamke peke yake, mambo yanabadilika: sauti inatoka nyuma ya pazia, "Nani?", na yule wa nje anapaswa kujitaja. Mume aliyekimbia ajitaje vipi? Aseme jina lake? Aseme "ni mimi", kama zamani? Katika hodi ile moja kuna aibu, hofu, miaka iliyopotea na swali kama bado ana haki ya kuvuka kizingiti. Filamu ya Kihindi haikuwa na hodi kwa sababu haikuihitaji. Ya kwake ilikuwa nayo bure, mlangoni pa mama yake, akaipita.

Hapa ndipo ninapomwelewa maalim wa skuli, ingawa nakataa dawa wanayoipendekeza wengi wanaosema kama yeye. Wanadhani ukiweka jahazi, machweo, kanga na mlango wa nakshi, filamu imekuwa ya Kizanzibari. Machweo ya Forodhani yamepigwa picha na kila mgeni aliyeshuka boti. Jahazi likipita nyuma ya wapenzi wawili bila sababu, ni pambo, na pambo linaweza kuigwa kama kitu kingine chochote. Hodi si pambo. Ukiitoa, kisa kinaanguka. Hicho ndicho kipimo changu cha asili katika filamu: ukihamisha kisa chote mji mwingine na hakuna kitu kilichovunjika, basi mahali hapakuwa na kazi yoyote humo ndani.

Anayeogopa kwamba kukopa kutatupotezea utu wetu na asikilize taarab. Kanuni, udi na fidla vilikuja na muziki wa Misri, ulioingizwa katika kasri wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kikundi cha Akhwan Safaa kikaundwa mwaka 1905. Kwa muda mrefu kilichoimbwa kilikuwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, akaimba kesi za mahakamani na mambo ya watu wa Ng'ambo, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Ala zilikuwa za kuja. Alichokiimba kilikuwa mbele ya macho yake, na hakuna aliyekuwa amekiimba hivyo kabla yake. Baadaye taarab ikakopa hata mahadhi ya filamu za Kihindi, na bado ukisikia beti mbili tu unajua uko wapi.

Kuna woga mwingine ninaousikia kwa vijana, kwamba upya unahitaji fedha na kamera kubwa. Nawarudisha barazani, kwa papa wa Jaws. Filamu ile si orijino kwa kipimo cha mzee wetu: imetokana na riwaya ya Peter Benchley iliyotoka mwaka 1974. Mwongozaji, Steven Spielberg, alikuwa na miaka 27 walipoanza kupiga picha, na alipewa papa wa mashine. Papa yule aliingizwa baharini, na maji ya chumvi yakaanza kumharibu. Kila siku mafundi walikuwa wakimtengeneza. Kazi iliyopangiwa siku 55 ikachukua siku 159. Akiwa hana papa wa kumwonyesha, Spielberg akalazimika kuonyesha kila kitu isipokuwa papa: miguu ya waogeleaji ikitazamwa kutoka chini, gati linaloburutwa, mapipa ya manjano yanayozama na kuibuka. John Williams akaongeza noti mbili za muziki zinazojirudia. Watu wakaogopa bahari kuliko wangeogopa mdoli wowote. Fedha ziliwapa mashine mbovu. Kilichoifanya filamu ile isifanane na nyingine ni mtu kuulizwa na bahari, "Utafanya nini bila papa?" na akajibu.

Vijana wetu wanaulizwa maswali kama hayo kila siku. Umeme umekatika, utafanya nini na koroboi? Huna ruhusa ya kuingia ndani ya nyumba, utasimulia vipi kutoka barazani? Mwigizaji wako hataki kuonyesha uso wake, na ana haki hiyo, basi mikono yake na sauti yake vitasema nini? Anayejibu maswali haya kwa dhati anatengeneza kitu ambacho hakuna aliyejibu vile kabla yake, hata kama kisa ni cha zamani kuliko Layla.

Na sisi watazamaji tuna kazi yetu. Tukiona filamu imefanana na nyingine, tusikimbilie kusema wizi. Tutazame imefanana katika nini. Ikiwa ni kisa, tusubiri. Ikiwa ni maneno yale yale, kamera pale pale, machozi sekunde ile ile, basi tuseme, na tuseme kwa uwazi, kwa sababu kuna mtu mahali fulani alikesha kuyafikiri. Mzee wa Majestic ana kumbukumbu ambayo vijana hawana, na ningependa akae nao, awaambie ile ya Kihindi ilikuwaje, kisha awaulize ya kwao inakwenda wapi.

Wiki tatu baadaye mtoto wa jirani alirudi. Walikuwa wamelipiga upya tukio lile, kwa simu ile ile. Safari hii kamera haiingii ndani. Iko chini, karibu na kizingiti, na inaonyesha makubadhi ya mwanamume yamejaa vumbi. "Hodi." Kimya. Ndani kunasikika kinu, mtu anatwanga. "Hodi." Mchi unasimama. Sauti ya mwanamke inauliza, "Nani?" Makubadhi hayasogei. Tunasubiri, yeye hajitaji, na sisi tunaanza kuhesabu pumzi zake. Kisha mchi unaanza tena, polepole, na kwa mara ya kwanza ndani ya filamu ile hakuna muziki.